Picha Imetoka Safi

Kwa dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, nazo zikukute mzima wa mwili na mwepesi wa moyo. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, isipokuwa ile nyonga yake ambayo hutabiri mvua kila asubuhi na kukosea kila jioni. Anajikongoja na fimbo yake mpaka kibarazani, anakaa, anawatazama wapita njia na kuwatoa kasoro mmoja mmoja. Siku mama atakapofika adhuhuri bila kumkosoa mtu, ndipo tutakapomwita daktari.

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili tuliusikiliza. Tuliweka simu mezani katikati ya vikombe, sauti juu mpaka mwisho kama mama anavyotaka, na jirani yetu mpiga pasi akaacha nguo za watu akaja kusimama mlangoni asikilize naye. Ulituuliza habari kwa mpangilio, kama mwalimu anayeita majina darasani. Uliuliza nyonga ya mama. Uliuliza kama bomba la uani bado linavuja (linavuja). Uliuliza kama paka amezaa (amezaa, tena ndani ya sanduku langu la zana). Uliuliza hata kama fundi viatu bado ananinyang'anya kivuli pale kazini. Mama alifurahi, akasema mtoto huyu hasahau kitu. Mimi nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu ndiyo barua hii.

Ningeweza kukupigia. Lakini unaijua simu ya nyumba hii, haina siri. Ukikohoa huko, mpiga pasi anakwambia pole huku. Barua mtu huisoma peke yake. Nakuomba hii uisome ukiwa peke yako, na uwe umekaa.

Nianze na kazi. Kibanda changu cha saa ni kilekile, ubavuni mwa duka la dawa, na meza ni ileile yenye ukingo ulioinuliwa ili skrubu zisianguke. Zinaanguka vilevile. Siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, kwa hiyo wateja wangu wamebaki wazee na wapenda fahari. Yule mwalimu mstaafu bado ananiletea saa yake kila mara akilalamika kwamba inakimbia, nami namwambia saa haikimbii, ni yeye anayechelewa. Tunacheka, anakunywa chai yangu, anaondoka na saa yake isiyo na ubaya wowote.

Ila kuna badiliko moja ambalo hulijui. Lenzi yangu ya kazi sasa naivaa jicho la kushoto.

Unakumbuka mwenyewe kwamba tangu nijifunze ufundi, jicho la kulia ndilo lilikuwa la kazi na la kushoto la kuwatazama wateja. Ndiyo maana ukaniita Kinyonga, ukisema mdogo wako anaona skrubu kwa jicho moja na mlango kwa jingine. Kuhamisha lenzi kwa umri wangu ni sawa na kuambiwa uanze kuandika kwa mkono mwingine. Kibano kinapita pembeni ya kitu ninachotaka kukishika. Nikimimina chai, nusu inanywewa na meza. Najifunza upya, dada, na fundi viatu ananitia moyo kwa kunicheka.

Ili uelewe jicho lilivyohama, inabidi nirudi kwenye siku ya kufunga sanduku lako la safari ya chuo. Najua ulikuwapo. Lakini ulikuwa upande wako wa sanduku, nami upande wangu, na tangu siku ile hatujawahi kusimuliana.

Zipu ilikuwa imegoma. Ulikuwa umeshindilia vitabu vya upimaji ardhi mpaka sanduku likavimba, nami nikaleta ule mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, wenye kulabu nene kila ncha. Wewe ulishika kulabu moja juu ya mkono wa sanduku, mimi nikauvuta mpira kuuzungusha, nikainama kutafuta pa kuitia kulabu ya pili. Simu yako ikalia. Ukaachia. Sikuona kitu kikija. Nilisikia tu mshindo ndani ya kichwa, halafu nikajikuta nimekaa sakafuni nimeshika uso, nawe unalia kuliko mimi niliyepigwa. Nilikwambia ni ajali, na kwamba lau ungekuwa umenilenga usingenipata. Nilikuwa nakutania ili unyamaze. Neno ajali nililitamka siku ile kwa moyo mweupe, na mpaka leo sijalirudisha.

Kesho yake uvimbe ulipopungua jicho lilionekana karibu zima. Lilikuwa jekundu, na damu kidogo ilikuwa imetuama chini ya mboni kama machicha ya chai. Nilisema litapona lenyewe. Wewe ndiwe uliyekataa, ukanishika mkono ukanipeleka kliniki ya macho. Hilo ni lako na nalitaja wazi, maana sitaki barua hii ikunyime haki yako.

Daktari wa macho, yule mama mwenye sauti ya taratibu, alinimulika, akasogea, akamulika tena, akasema damu imetanda, nyuma haoni. Akatueleza sote wawili kwamba jicho likipigwa na kitu butu linaweza kuonekana zima kwa nje na ndani limeharibika. Nikamwambia hata saa ni hivyo: ikianguka kioo kinabaki kizima, kasha linabaki zima, ukifungua unakuta mhimili umekatika. Alifurahi, akasema basi twende tukaifungue saa bila kuifungua.

Ndipo nikajua kwamba ile mashine inayowatazamia watoto tumboni huweza kutazama na jicho. Nilimuuliza muuguzi kama jicho langu lina mimba. Muuguzi alicheka, wewe hukucheka. Nililazwa chali, nikafumba, wakanipaka juu ya kope ute wa baridi, kisha daktari akatembeza juu yake kitu kama kalamu nene. Akaniambia nitazame juu, chini, kulia, kushoto, nikiwa nimefumba vilevile. Alisema mashine inapeleka sauti isiyosikika, sauti inagonga kilichomo ndani na kurudi, na kwa ile mirudio inachora picha. Skrini ilikuwa upande wako. Mimi nilikuwa nimelala naisikiliza pumzi yako.

Halafu kichefuchefu kikanishika, nikatapika. Unakumbuka. Wakanipeleka chumba cha pili, wakanifunika macho yote mawili, wakaniambia nisitikisike. Nikamsikia daktari akisema ndugu wa mgonjwa aje. Ukaenda. Ukuta ule haukupitisha maneno, ulipitisha sauti tu. Yake ilikuwa ndefu, yako ilikuwa fupi, mara kwa mara, kama mtu anayeuliza. Nikajisemea, dada hapo anahojiana nao mpaka wataipata kazi. Nilijisikia salama. Kisha mlango ukafunguka, ukanishika mkono.

"Picha imetoka safi, mdogo wangu," ulisema. "Twende nyumbani."

Ningekuwa naruhusiwa kulia ningelia. Badala yake nilikuuliza kama umeikumbuka kofia yangu.

Siku ya safari ulinikataza kabisa kugusa sanduku. Nililiinua, ukalinyakua mkononi mwangu mbele ya watu, ukasema nisinyanyue kitu kizito na nisiiname. Wabeba mizigo wakanicheka kwamba nimenyang'anywa kazi na mwanamke. Mimi nilirudi nyumbani nikijisifu. Nilimwambia mpiga pasi: umeona dada anavyonipenda? Anasafiri yeye, lakini anayehurumiwa ni mimi. Nilimwambia hivyo, dada, na mwenyewe yupo, unaweza kumuuliza.

Baada ya wewe kuondoka jicho lilisafika. Wekundu ulikwisha, damu ilikwisha, nikarudi kazini. Kilichobaki ni vidoa vyeusi vilivyoelea kama mbu, na mara moja moja cheche za mwanga pembeni, hata nikiwa nimefumba. Fundi viatu akaniambia nirudi kwa daktari. Nikamjibu kwamba picha ilitoka safi. Mwuza magazeti naye akaniambia, nikamjibu vilevile. Nililisema neno hilo kwa maringo na kwa wingi mpaka likawa jina langu. Mtaa mzima wa mafundi ukawa unaniita Picha Safi. "Picha Safi, umeamkaje?" Nami naitika.

Kisha kuna siku nilikuwa natengeneza saa ya ukutani ya kanisa au ya shule, sikumbuki, ile yenye namba kubwa. Niliifunga, nikaitundika, nikafumba jicho la kushoto kupima kama akrabu, ile mishale yake, imenyooka. Namba tisa haikuwapo. Kumi haikuwapo, na kumi na moja, na kumi na mbili ilikuwa nusu. Nikachukua kitambaa nikafuta kioo. Nikafuta tena. Fundi viatu akaniuliza ninafuta nini na kioo kinang'aa. Unajua sisi na saa zetu za Kiswahili: mshale ukiwa kwenye tisa tunasema saa tatu, ukifika kumi na mbili tunasema saa sita. Ina maana kilichofutika kwenye jicho langu ni saa tatu mpaka saa sita, asubuhi yangu nzima. Nilimwambia fundi viatu hivyo, akacheka, halafu akanitazama vizuri na akaacha kucheka. Alinifungia kibanda yeye mwenyewe, akanipeleka.

Daktari alikuwa yuleyule. Alinipokea kama mtu aliyeona kitu asichokitarajia, akaniuliza kule hospitali nyingine walinifanyia nini. Sikumwelewa, nikadhani ananichanganya na mgonjwa mwingine. Akanipaka tena ute, akapitisha tena ile kalamu, na safari hii aliigeuzia skrini kwangu ili niione kwa jicho la kushoto. Niliona duara jeusi la jicho langu mwenyewe, na ndani yake utepe mweupe ukielea, ukiyumba kila nilipolisogeza jicho. Akanieleza kwamba utepe ule ni retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea mwanga, na kwamba haipaswi kuelea. Inapaswa kushikamana na ukuta kama rangi. Yangu ilichanika pembeni siku ya pigo, ikaendelea kubanduka polepole kutoka kwenye mchaniko, na sasa imefika katikati.

Hapo nilikasirika. Nilisema mambo ambayo mama asingependa kuyasikia. Nikamuuliza ni picha gani ile waliyonipiga mwanzo, wakatuambia ni safi, wakaniacha nikae na jicho linalobanduka huku najisifu mtaani.

Akasema: "Ni kweli nilimwambia dada yako picha imetoka safi. Safi, yaani haina ukungu, inaonekana vizuri. Halafu ndani ya picha hiyo nikamwonyesha mchaniko."

Dada, nilicheka. Hasira yote ilinitoka nikacheka kwa raha, kwa sababu nilidhani nimeshaelewa. Nilikutetea. Nilimwambia daktari kwamba dada yangu ni mtu wa kupima viwanja, si wa hospitali, na kwamba hilo neno safi lingemtega yeyote. Ukimwambia mtu nguo ni safi, atafahamu haina doa, hatafahamu kwamba doa linaonekana vizuri. Nikamwambia asijilaumu. Nilikuwa tayari nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyokusimulia, utakavyojipiga kifua, na jinsi nitakavyokutuliza mimi.

Daktari alikuwa anaifuta ile kalamu yake, anaifuta na imeshakauka. Akaniuliza kama nataka kweli kujua. Nikasema jicho ni langu, nataka.

Akaniambia kwamba ulielewa. Kwamba alikuwekea kidole juu ya skrini, hapa pamechanika, hapa pameanza kuinuka, hapa katikati pangali pameshikamana, na kwa kuwa katikati pameshikamana jicho linaokoka, lakini lisingojewe. Kwamba ulimuuliza maswali mazuri kuliko ndugu wengi. Uliuliza ni kweli kwamba baada ya upasuaji nitatiwa kiputo cha gesi jichoni cha kuikandamiza retina na kulala kifudifudi kwa majuma. Uliuliza kama ni lazima awepo mtu nyumbani wa kunitilia dawa, kunilisha, kunizuia nisigeuke. Uliuliza kama mama mwenye nyonga mbovu anaweza kuwa mtu huyo, akakwambia hawezi. Uliuliza kama inaweza kungoja mpaka urudi likizo. Akakwambia haiwezi kungoja. Ukamwomba akuachie wewe uniambie, kwa kuwa wewe ndiwe unayejua kusema na mimi, naye akakubali, kwa sababu pale kwao walizoea kumwambia ndugu kwanza na mgonjwa baadaye. Akaniomba radhi kwa hilo. Akasema desturi hiyo ataiacha kuanzia leo.

Hata hapo, dada, bado nilikuwa nakutafutia mlango wa kutokea. Nikamwambia pengine ulichanganyikiwa. Pengine ulitaka kuniambia ukakosa pa kuanzia.

Ndipo aliponiambia kwamba tulipokosa kurudi, alipiga simu. Namba uliyowaachia ilikuwa yako. Ulipokea wewe.

"Aliniambia mmepata hospitali nyingine," daktari alisema. "Akasema umeshalazwa, na unaendelea vizuri."

Nimeshalazwa. Siku hiyo nilikuwa uani, nimechuchumaa, natia mafuta magurudumu ya sanduku lako yasipige kelele njiani. Nakumbuka ulitoka na simu sikioni, ukanitazama, ukarudi ndani. Nilikupungia mkono wenye grisi.

Nikavaa kofia yangu, nikatoka. Fundi viatu alikuwa amekaa kwenye benchi ya nje, akaniuliza daktari amesemaje. Sikuweza kumwambia. Kwa mara ya kwanza nilitamani niwe nimepigwa na mtu baki, mwizi, mlevi, adui wa kueleweka. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nilikuwa naisema kwa mazoea, kama watu wote, bila kuwahi kuikagua nguo yangu mwenyewe.

Upasuaji nilifanyiwa. Najua unataka kujua nani aliniuguza, kwa kuwa hilo ndilo lililokutisha. Nitakwambia. Mpiga pasi alishika asubuhi, akinitilia dawa huku pasi yake inapata moto. Fundi viatu alishika jioni. Mwalimu mstaafu alikuja mchana kunisomea gazeti, na akilala usingizi mimi namwamsha kwa kuuliza kilichofuata. Nilikuwa nimelala kifudifudi, uso kwenye tundu la mto, na kila aliyeingia alikuwa na utani wake. Fundi viatu kila siku aliniuliza ni skrubu gani niliyoiangusha huko chini mpaka nisiinue kichwa. Mama alikaa kando, akanishika kisigino, maana ndicho alichoweza kukifikia bila kuinama. Majuma yale uliyoyaona kama mlima, dada, watu watatu waliyagawana na hakuna aliyeacha kazi yake.

Retina ilibandikwa, ikakaa. Daktari alifanya kazi nzuri. Lakini katikati palikuwa pamekwisha kukaa muda mrefu bila kushikamana, na pakishakaa hivyo hapajifunzi tena. Kwa jicho la kulia sasa naona mwanga, na naona kivuli mtu akipita. Skrubu sitaiona tena, wala uso wako siku utakayorudi. Utakuwa kivuli kirefu chenye sauti ninayoijua.

Sasa nikuambie kinachoniuma, maana si jicho. Jicho ni la ajali na la kuchelewa, nami ni fundi, najua vitu huharibika. Kinachoniuma ni kwamba hukuniuliza. Nafasi ya chuo uliwahi kuipoteza baba alipofariki, ukaipoteza tena mama alipovunjika nyonga, na mara zote mbili ulifungua sanduku ukarudisha nguo kabatini bila kunung'unika mbele yetu. Nilikuwapo. Nilijua kwamba hii ilikuwa ya tatu, na ya nne isingekuja. Ungeingia chumba kile nilicholala nimefunikwa macho, ukaniambia mdogo wangu jicho limechanika na safari yangu ndiyo hii, ningekwambia nenda. Nisingemaliza hata kufikiri. Ningekwambia nenda, niitie mpiga pasi. Ulinijua tangu nikiwa natambaa, na bado uliogopa kwamba nitakuzuia.

Tena hukunidanganya, na hilo ndilo ninalolirudia nikikaa peke yangu. Ulitafuta neno la kweli. Daktari alilisema, nawe ukalichukua kama lilivyo, ukakata mkia wake, ukanipa. Mtu aliyechanganyikiwa husema lolote. Wewe ulichagua, ili siku moja uweze kusema, mbona nilikwambia kama nilivyoambiwa. Nami nikalivaa neno lako mtaani likawa jina langu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Walikuwa wanamsema mgonjwa. Hawakufikiria kwamba maradhi yanaweza kufichwa na anayemshika mgonjwa mkono.

Utajiuliza mbona kwenye simu za Jumapili hukusikia habari za upasuaji. Ni mimi niliyewazuia. Nilimwambia mama usisumbuliwe, una mitihani, akakubali, na mpiga pasi akaapa, ingawa kiapo hicho kilimpa homa. Lakini mitihani haikuwa sababu. Nilitaka nione kama utauliza. Anayeamini kwamba jicho ni zima huuliza bila kufikiri: lile jicho lako lilipona? Ni swali jepesi, jepesi kuliko la paka. Jumapili baada ya Jumapili nimekaa mezani nikilingoja. Umeuliza bomba. Umeuliza fundi viatu. Ulipofika kwa paka nilijua kwamba unajua.

Mara ya kwanza uliachia mpira, na hiyo ilikuwa simu kulia na mkono kusahau. Mara ya pili uliniachilia mimi, na hapo mkono haukusahau kitu. Ya kwanza nilikusamehe kabla sijainuka sakafuni. Ya pili nimejaribu, na sitaki kukudanganya kwa neno la kweli: bado.

Mama sijamwambia. Yeye anajua jicho liliharibika ghafla, na kila jioni anakuombea kabla ya kuniombea mimi, maana wewe uko mbali. Sitamwambia. Si kwa kukulinda. Ni kwa kuwa habari hii si yangu kuipeleka. Ni yako, na safari hii ipeleke nzima.

Mama anakusalimu sana, anasema usilale na madirisha wazi. Mpiga pasi anakusalimu. Fundi viatu anakusalimu na anasema kivuli bado ni chake. Mwalimu mstaafu hakujui lakini anakusalimu. Paka na wanawe wamehamia kwenye kapu la nguo, hawajambo.

Sanduku lako likichakaa huko usilitupe, magurudumu yale niliyatia mafuta mazuri.

Nawe ukipata nafasi, niandikie. Usinieleze kwanza habari za chuo, wala za hali ya hewa, wala usiniulize mama. Andika salamu kama ada, halafu niulize habari za jicho. Anzia hapo.

Wako, mdogo wako,
Kinyonga